Nywila Peke Yake Haitoshi: Kuilinda Kompyuta Mpakato ya Mwalimu

Wasomaji wa kijarida hiki wamezoea kukuta humu masuala ya ngeli, istilahi na mbinu za kufundishia Kiswahili katika mazingira yetu ya Burundi. Safari hii tunaomba radhi, maana tunaingia katika shamba la mafundi wa kompyuta. Hatuingii kwa kupenda. Tumeingizwa na jambo lililotupata mwaka 2022, ambalo tumelisimulia mara nyingi katika chumba cha walimu lakini hatujawahi kuliandika.

Mwaka huo, pamoja na wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho, tulikuwa tukiwarekodi wazee wa mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura. Kila anayefundisha Kiswahili nchini anaujua mtaa huo, kwani ni miongoni mwa mahali pachache ambapo lugha hii inasemwa nyumbani, barazani na sokoni kwa vizazi kadhaa. Lengo letu lilikuwa kukusanya msamiati wa harusi na wa malezi. Tulipata saa kumi na nane za sauti. Sauti hizo zote zilikuwa katika kompyuta mpakato moja, pamoja na alama za madarasa matatu, rasimu za mitihani ya muhula na tasnifu mbili tulizokuwa tukizisahihisha.

Siku moja tulirudi kutoka Gitega kwa basi dogo. Tuliposhuka Bujumbura begi lilikuwa begani, zipu imefungwa vizuri, na ndani mlikuwa na chaja na daftari. Kompyuta haikuwamo. Tulisikitikia kazi iliyopotea, lakini kuhusu siri za watu tulijifariji. Kompyuta ilikuwa na nywila, tena ndefu, yenye herufi kubwa, tarakimu na alama ya mshangao. Tulisema mwizi ataikuta skrini ya kuingilia, atajaribu mara mbili tatu, kisha atakata tamaa.

Wiki tano baadaye tulipigiwa simu na fundi wa kompyuta ambaye hatumjui. Alikuwa ameuziwa mashine mbovu kwa ajili ya vipuri, na katika diski yake alikuta hojaji yenye jina la idara na namba yetu ya simu. Alikuwa mtu mwema. Alitaka kuturudishia kazi yetu. Tulipofika kwake tulimwuliza aliivunja vipi nywila yetu.

“Mwalimu, nywila yako sikuigusa,” alitujibu. “Nilitoa diski, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Vitu vyote vilikuwa wazi.”

Kisha, ili kutuhakikishia kwamba kazi ni yetu, akabonyeza faili moja. Tukasikia sauti ya bibi mmoja wa Buyenzi akieleza jinsi alivyoachika kwa mume wake wa kwanza.

Bibi huyo alitusimulia habari hizo kwa sharti kwamba sauti yake haitatoka nje ya chuo. Sharti hilo tulilikubali kwa mdomo na kwa maandishi. Tukaona hatuna budi kwenda kumwambia. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatuuliza swali moja tu: “Na ile sehemu ya talaka, nayo wameisikia, mwanangu?” Watoto wa mume yule wanakaa barabara hiyohiyo. Tulimjibu kwamba fundi amesikia kidogo, na kwamba waliokaa na diski kabla ya fundi hatuwajui. Hakutugombeza. Alituletea chai kama kawaida, ila tangu siku hiyo hakukubali tena kurekodiwa, na majirani zake wawili waliokuwa wamekwisha kutupa ahadi walituma salamu kwamba hawana nafasi.

Basi makala haya yanahusu jambo ambalo hatukulijua siku ile tuliposhuka kwenye basi.

Kidogo kuhusu maneno

Tunawaandikia walimu wa lugha, kwa hiyo hatuwezi kupita bila kugusa istilahi, ingawa hatukusudii kufufua ugomvi. Wapo wanaosema neno la siri, wapo wanaoandika nenosiri, na wapo wa nywila. Kompyuta nayo imeitwa tarakilishi na ngamizi, na hii ya kubebwa inaitwa mpakato, kipakatalishi, au laptopu kama wasemavyo wanafunzi wetu. Sisi tutatumia nywila na kompyuta mpakato, na anayependelea mengine asome hivyo.

Neno moja zaidi litahitajika sana. Kitendo cha kugeuza maandishi au sauti kuwa kitu kisichosomeka bila ufunguo, wataalamu wengine wanakiita usimbaji, kutokana na msimbo. Hilo ni neno zuri. Hata hivyo darasani tumeona kwamba wanafunzi wanalishika jambo lenyewe upesi zaidi tukisema kufumba. Lugha yetu tayari ina fumbo, na ina kauli ya kutendua iliyo tayari kufanya kazi: anayefumba faili amelifanya fumbo, na mwenye ufunguo analifumbua. Jozi hiyo inatutosha hapa.

Nywila inalinda nini hasa?

Unapowasha kompyuta na kuandika nywila, anayeikagua ni programu endeshi, mathalani Windows. Yeye ni kama zamu aliyekaa langoni. Ukitaja neno sahihi anakupisha, ukikosea anakurudisha. Tatizo ni kwamba zamu huyo anafanya kazi akiwa macho tu, na yuko macho pale tu diski yake inapowasha kompyuta kwa njia ya kawaida. Diski ikitolewa na kuchomekwa katika kompyuta nyingine kama flashi kubwa, Windows iliyomo ndani yake imelala. Hakuna anayeuliza nywila. Kompyuta ya pili inaona folda na faili tu, na inazifungua.

Hata kutoa diski si lazima. Mtu anaweza kuiwasha mashine kwa kutumia flashi yenye programu endeshi nyingine, kama vile Linux, na kuzisoma faili zako bila kupita langoni. Kwa fundi hii ni kazi ya kila siku, tena kazi halali: ndivyo wanavyookoa kazi za watu ambao Windows yao imeharibika. Wengi wetu tumewahi kuokolewa hivyo na tukashukuru. Hatukujiuliza kwamba njia anayopita mwokozi, mwizi naye anaweza kuipita.

Historia ya nywila za kompyuta yenyewe ilianza na udhaifu wa namna hii. Mfumo wa kwanza uliojulikana kwa kutumia nywila ni ule wa CTSS, uliojengwa na Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961. Watumiaji wengi waligawana kompyuta moja, kila mmoja akiwa na nywila yake. Mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi wa kutumia mashine, aliomba tu faili la nywila zote lichapishwe kwenye karatasi, nalo likachapishwa. Hakubahatisha neno hata moja. Alipita ubavuni, kama alivyofanya fundi wetu miaka sitini baadaye.

Kuifumba diski

Dawa ni kuifumba diski nzima. Diski iliyofumbwa ikitolewa na kupelekwa katika kompyuta nyingine haitoi folda wala majina ya faili. Anayeitazama anaona kitu kisicho na maana, na hawezi kukifumbua bila ufunguo. Katika kompyuta nyingi za siku hizi ufunguo huo hutunzwa ndani ya chipu ndogo ya usalama iliyo kwenye ubao mama, na chipu hiyo huutoa pale tu diski inapowaka katika mashine yake yenyewe na kwa njia yake ya kawaida. Ukifika hapo, unakutana na zamu wetu wa langoni. Kwa hiyo nywila haijawa bure, la hasha. Sasa ndiyo imepata thamani, kwa sababu hakuna tena njia ya kuzunguka nyuma ya nyumba.

Windows ina kifaa cha kufumba kiitwacho BitLocker, kilichoanza na toleo la Vista mwaka 2007, nacho kimo katika matoleo ya kitaalamu. Matoleo ya nyumbani, ambayo ndiyo mengi katika kompyuta tunazouziwa madukani, yana ufumbaji mwepesi zaidi wa kifaa kizima, mradi mashine yenyewe iwe na vipuri vinavyotakiwa. Kompyuta mpya kadhaa huja zikiwa zimekwisha kufumbwa bila mwenyewe kujua, na hilo lina hatari yake tutakayoieleza punde.

Kompyuta za idara yetu zina menyu kwa Kifaransa, nyingine kwa Kiingereza, kwa hiyo tutaeleza kwa alama badala ya maneno. Katika Windows 11 fungua mipangilio, penye alama ya gurudumu lenye meno. Upande wa kushoto tafuta sehemu ya faragha na usalama, yenye picha ya ngao. Humo angalia kama pana mstari unaohusu kufumbwa kwa kifaa. Ukiwepo, ufungue uone kama swichi imewashwa. Kama haijawashwa, iwashe, acha kompyuta ikiwa kwenye umeme, na endelea na kazi zako. Inaweza kuchukua saa moja au zaidi kutegemea ukubwa wa diski. Umeme ukikatika, jambo ambalo si geni kwetu, hakuna kinachoharibika. Kazi inaendelea mashine inapowashwa tena. Aidha, hakikisha umeingia kwa akaunti ya Microsoft, au umeuhifadhi ufunguo kwa njia nyingine, kwani katika matoleo ya nyumbani ulinzi haukamiliki mpaka ufunguo wa akiba uwe umewekwa mahali.

Kama mstari huo haupo kabisa, huenda mashine yako haina uwezo huo. Hapo tunapendekeza VeraCrypt, programu ya bure iliyotokea mwaka 2013. Inaweza kufumba diski nzima, lakini kwa mtu asiye mzoefu tunashauri itumike kutengeneza sanduku moja lililofumbwa ndani ya diski. Sauti za utafiti, alama na mitihani viwekwe humo, na mengine yabaki nje. Wenye kompyuta za Apple wana FileVault katika mipangilio ya faragha na usalama, na wenye Linux huulizwa kuhusu kufumba diski wakati wa kuisakinisha. Hao wana raha kutuzidi.

Wale ambao bado wanatumia Windows 10 wajue kwamba usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ufumbaji wake unafanya kazi, lakini nyufa mpya zinazogunduliwa haziwi zikizibwa tena kwa kila mtu kama zamani.

Ufunguo wa tarakimu 48

Hapa tunawaomba wasomaji watulie, maana ndipo watu wanapoumia.

Diski inapofumbwa, BitLocker hutoa ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, zilizogawanywa katika mafungu manane ya tarakimu sita sita. Siku za kawaida hauulizwi. Unaulizwa pale mashine inapoona kitu kimebadilika: ubao mama umebadilishwa, programu ya msingi imesasishwa, au mtu amejaribu kuiwasha kwa njia isiyo ya kawaida. Siku hiyo inakuja skrini ya buluu inayodai tarakimu zote 48. Ukizikosa, kazi yako imekwenda. Fundi hawezi kukusaidia, na kampuni iliyotengeneza programu haiwezi pia, kwa sababu hata wao hawana njia ya kuzunguka nyuma. Ule udhaifu uliotuaibisha mbele ya bibi wa Buyenzi ndio uliokuwa ukituokoa Windows ilipoharibika. Huwezi kuuondoa upande mmoja ukaubakiza upande mwingine.

Mwenzetu mmoja ameyapata hayo. Kompyuta yake ilikuja imekwisha kufumbwa tangu dukani, na aliyemwuzia aliifungulia akaunti kwa anwani ya barua pepe ya muda ambayo hakuna anayeikumbuka. Ilipobadilishwa ubao mama, ilidai ufunguo. Mwenzetu alikuwa hajui hata kwamba ufunguo upo. Sura mbili za tasnifu yake ya uzamivu zilibaki katika diski ambayo hadi leo anaihifadhi kabatini, akitumaini.

Kwa sababu hiyo, kabla hujafika popote, fungua leo akaunti yako ya Microsoft kwa simu au kwa kompyuta nyingine, utafute orodha ya vifaa vyako na uone kama ufunguo wa akiba umo. Ukiuona, unakili kwa mkono kwenye karatasi, uzisome tarakimu mara mbili, na karatasi hiyo uiweke nyumbani pamoja na vyeti vyako. Usiiweke katika begi la kompyuta. Usiipige picha ukaiacha ndani ya kompyuta hiyohiyo. Tumeona mtu aliyefanya hivyo, na tulipomweleza alicheka kwa uchungu.

Nywila ya mwalimu wa Kiswahili

Diski ikishafumbwa, turudi langoni. Mwaka 2009 wezi waliiba nywila za watumiaji milioni 32 wa kampuni moja ya Marekani iitwayo RockYou, na orodha ikavuja. Walioichambua waligundua kwamba watu zaidi ya 290,000 walikuwa wametumia nywila ileile: 123456. Tusiwacheke. Katika idara yetu kwa miaka mingi nywila ilikuwa Kiswahili2019, mwaka uliofuata ikawa Kiswahili2020, na hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kukisia ya 2021.

Tabia hiyo ya kubadilisha kila mara ilikuwa na chanzo. Mwaka 2003 Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo uliohimiza nywila zenye mchanganyiko wa herufi kubwa, tarakimu na alama, na zibadilishwe mara kwa mara. Dunia nzima ikaufuata. Mwaka 2017 NIST ilitoa mwongozo mwingine uliosema urefu ni muhimu kuliko mchanganyiko, na kwamba nywila isibadilishwe ovyo kama hakuna dalili ya kuibwa. Burr mwenyewe, akiwa amestaafu, alikiri mwaka huo kwamba anajutia mengi ya ule wa kwanza. Watu wakilazimishwa kubadilisha wanaongeza tarakimu moja mwishoni. Ndivyo tulivyofanya sisi.

Tuangalie hesabu. Kiswahili, tukiondoa q na x, kina herufi 24 za kibodi. Nywila ya herufi sita zilizochaguliwa kwa kubahatisha ina uwezekano 191,102,976. Kwa binadamu ni mwingi, lakini kwa kompyuta inayojaribu bila kupumzika si kitu. Sasa chukua orodha ya maneno 7,776, ambayo ni idadi unayoipata ukirusha dadu tano, na njia hii Arnold Reinhold aliipendekeza mwaka 1995. Ukichagua maneno manne kwa dadu, uwezekano unazidi trilioni 3,600. Maneno manne mtu anaweza kuyakumbuka. Herufi kumi za mchafukoge hawezi.

Walimu wa Kiswahili tuna hazina hapa. Fungua kamusi bila kuangalia, weka kidole, chukua neno. Funga, rudia mara nne. Si dadu kamili, kwani kidole hupenda katikati ya kitabu, lakini kinatosha kwa kazi yetu. Sisi tulipojaribu tulipata kibuyu, ratiba, nyundo, mwambao. (Msiitumie hiyo, imekwisha kuchapishwa.) Wanafunzi wetu walitaka mara moja kuifanya sentensi yenye upatanisho wa kisarufi. Tuliwakataza. Hapa ni mahali pekee ambapo idara hii inaomba maneno yasiyopatana.

Methali nazo tuziache. Mwalimu mmoja alitueleza kwa fahari kwamba nywila yake ni methali nzima, ndefu, hakuna mwizi atakayeiweza. Methali ni ndefu kweli, lakini inajulikana na kila mtu, na orodha wanazotumia wezi hazina maneno ya Kiingereza tu. Hali kadhalika majina ya kanga, beti mashuhuri na majina ya watoto. Kinachoilinda nywila ni kwamba haikuchaguliwa na akili yako, maana akili ya mtu hupita njia zilezile wanazopita wenzake.

Kuna PIN pia, zile tarakimu nne au sita ambazo Windows hupenda tuzitumie. Wengi wanaidharau wakidhani ni dhaifu. Kwa kweli PIN hiyo inafanya kazi katika mashine ile tu, na chipu ya usalama hufunga mlango baada ya makosa kadhaa. Hatari yake kwetu ni nyingine: mwalimu anaiandika mbele ya wanafunzi sitini huku projekta ikiwaka, na wa safu ya mbele wanahesabu vidole. Ifanye iwe na tarakimu sita au zaidi, na ingia kabla hujaunganisha projekta.

Kibodi mbili, nywila moja

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa nchi zilizozoea Kifaransa ambalo vitabu vya Nairobi na Dar es Salaam havina haja ya kulitaja. Tulipokuwa tukisoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, wiki ya kwanza tulishindwa kuingia katika kompyuta ya maabara, tukadhani tumefukuzwa chuoni. Vidole vyetu vilizoea kibodi ya AZERTY. Kibodi ya pale ilikuwa QWERTY. Mtu wa AZERTY akiandika mwalimu bila kutazama, mashine ya QWERTY inasoma ;zqli;u. Na kwa kuwa nywila huonekana kama nukta, huwezi kujua.

Kompyuta moja inaweza pia kuwa na mipangilio yote miwili ikabadilika yenyewe. Katika skrini ya kuingilia ya Windows, pembeni chini, pana herufi zinazoonyesha lugha ya kibodi. Ziangalie kabla ya kuandika. Kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi hubadilisha kibodi, na alama ya jicho mwishoni mwa kisanduku inakuonyesha ulichoandika kama upo peke yako. Ukitaka kupunguza usumbufu, chagua maneno yasiyo na a, m, w, wala z, kwani hizo ndizo herufi za Kiswahili zinazohama kati ya kibodi hizo mbili. Tunajua tunachoomba: jaribuni kupata maneno manne ya Kiswahili yasiyo na a. Tumeyapata: jiko, upepo, kijito, tunguri yamo, japo dadu hazikuhusika. Kwa hiyo ni afadhali kuangalia pembeni chini.

Mitihani inayosafiri

Rasimu za mitihani hutoka kwenye kompyuta zetu kwenda kwa mkuu wa idara, kwa msahihishaji wa nje na kwenye duka la fotokopi. Faili la Word linaweza kufumbwa peke yake kwa nywila. Faili lihifadhiwe kwa muundo wa docx, ulioanza na Office ya mwaka 2007, si ule wa zamani wa doc ambao ufumbaji wake ulikuwa dhaifu na unavunjika upesi. Tena, nywila ya kuzuia kuhariri si sawa na nywila ya kufungua. Ya kwanza haifumbi kitu. Nywila ya faili usiitume katika barua pepe ileile iliyobeba mtihani. Mpigie simu mwenzako umtajie.

Dukani, chapisheni wenyewe mkisimama pale, na faili lifunguliwe kutoka kwenye flashi bila kunakiliwa katika kompyuta ya duka. Flashi ikirudi, ikaguliwe virusi kabla ya kuchomekwa katika mashine yenye alama.

Mambo madogo ya kila siku

Ukiinuka kwenda kuchukua chaki, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. Skrini inafungwa papo hapo. Weka pia ijifunge yenyewe baada ya dakika tano. Ukiwa safarini, zima kompyuta kabisa. Kufunga kifuniko tu kunailaza, na iliyolala ufunguo wake bado uko kichwani. Kama watoto nyumbani wanaitumia, wafungulie akaunti yao isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu.

Na nakala. Kufumba kunazuia wengine wasisome, hakurudishi kilichoibwa. Sauti zile za Buyenzi tulizipata kwa wema wa fundi tu, maana nakala pekee tuliyokuwa nayo nje ilikuwa ya saa nne kati ya kumi na nane. Sasa tuna diski mbili za nje, zote zimefumbwa, moja ipo kabatini idarani na nyingine nyumbani kwa mmoja wetu, na majina ya wazee yako katika faili tofauti na sauti zao.

Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, tutakutana katika maabara ya lugha kuzifumba kompyuta za walimu na za wanafunzi wanaoandika tasnifu. Kila mmoja aje na chaja, daftari na kalamu ya wino kwa ajili ya zile tarakimu 48, na nywila ya barua pepe yake awe anaikumbuka. Wenye nakala za kazi zao wazilete. Wasiokuwa nazo waje saa sita, tuanze na hizo. Wenye menyu za Kifaransa wakae upande wa madirisha na wa Kiingereza upande wa mlango. Jenereta tumeahidiwa.